Mama Sindano na Mkunjo wa Saba

Saa moja na nusu asubuhi, mnyororo unaanza kulia. Unapitishwa kwenye vishikio viwili vya mlango wa nyuma, pete kwa pete, kisha kufuli linabanwa. Msimamizi analivuta mara mbili, anatia ufunguo mfukoni mwa suruali, anaondoka zake akipiga mluzi. Ndani wanabaki wanawake kumi na wawili, majiko mawili ya gundi, na karatasi kutoka sakafuni mpaka darini.

Chumba hiki hakina kengele ya kuanzia kazi. Mnyororo ndio kengele.

"Joka limelala, wanangu," anasema mwanamke mfupi aliyesimama kichwani mwa meza. "Haya, tutembee."

Anachomoa sindano kwenye kilemba chake, anaitunga uzi bila kuitazama, na siku imeanza. Kwa sababu ya sindano hiyo, isiyokosekana kilembani hata akiwa msibani, kiwanda kizima cha uchapaji kinamwita Mama Sindano. Wapo wanaosema jina limetokana na ulimi. Mwenyewe hakatai.

Kitabu hakizaliwi kitabu. Kinatoka kwenye mashine kikiwa karatasi pana. Karatasi inakunjwa, inakunjwa tena, mpaka inakuwa kurasa kumi na sita, na hizo ndizo zinazoitwa mkunjo. Mikunjo ya kitabu kizima inapangwa mezani, marundo marundo. Wanawake wanaizunguka meza wakiokota, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mzunguko ukiisha mkononi mna kitabu kinachosubiri uzi. Halafu wanazunguka tena. Ikifika jioni miguu imeumuka kama mikate.

"Kwa mwendo huu tungekuwa tumeshafika ng'ambo," anasema mwanamke mwembamba anayesimamia jiko la gundi, kisha anakohoa mpaka anashika ukingo wa meza. "Ila ukitazama, tuko palepale."

Huyo ni dada wa marehemu mume wa Mama Sindano. Wanaitana wifi, basi kiwanda kizima nacho kinamwita Wifi, mpaka meneja, ambaye hana undugu naye wala hautaki.

Leo wanakusanya kitabu cha hesabu na kazi inakwenda. Lakini nyuma ya chumba, zikiwa zimeegemezwa kwenye mlango, chini ya mnyororo, kuna katoni ambazo hakuna anayezigusa. Hii ni wiki ya pili. Msimamizi akipita na kuzitaja, wanawake wanamsalimia.

"Hujambo, bwana? Nyumbani hawajambo?"

Kisha wanaendelea kutembea.

Ndani ya katoni mna riwaya moja ya kale ya safari na maajabu, ile ya wabeba jua, ambayo waliosoma zamani na wanaosoma leo wote wameipitia. Imerudishwa na shule. Inatakiwa ifumuliwe uzi, itolewe mkunjo mmoja, uwekwe mwingine. Wanawake wamesema watafumua. Wamesema pia ni lini: mlango ukishafunguliwa.

Mama Sindano amefunga vitabu hapa kwa miaka ishirini na saba. Ukitoa kodi ya vyumba viwili, mshahara wake unafika katikati ya mwezi ukiwa hoi, na nusu ya pili anaimaliza kwa mkopo wa duka la jirani. Vitabu vilivyopita mikononi mwake vimesomesha mawakili, madaktari na yule aliyeamuru mlango ufungwe. Bintiye mwenyewe aliacha shule kwa kukosa ada. Sasa binti anafanya kazi za ndani mji mwingine, na mtoto wa binti, msichana wa miaka kumi na moja, analala na bibi kitanda kimoja.

"Mimi nashona, wengine wanasoma," anasema. "Sina kinyongo na kushona. Kinyongo changu ni mlango."

Mlango huo haukuzaliwa na mnyororo. Zamani ulikuwa wazi tangu asubuhi, wanawake wakikaa kizingitini kula, upepo ukiingia na kupeperusha karatasi mpaka wanazikandamiza kwa mawe. Ndipo katoni za vitabu zikaanza kupotea. Meneja akanunua mnyororo. Baadaye mwizi alikamatwa, naye ni mpwa wa meneja. Vitabu vilikuwa vinatoka kwa lango la mbele, ndani ya gari la ofisi, mlinzi akipiga saluti. Mpwa alihamishwa idara. Mnyororo ukabaki.

Hayo ndiyo mambo ya kukumbuka, kwa sababu wenye viwanda wanaishi kwa kusahau kwetu. Katika mtaa huuhuu, hatua chache kutoka hapa, palikuwa na kiwanda cha magodoro. Kiliungua mchana kweupe na waliokuwa ndani hawakutoka, maana mlango wao ulifungiwa nje wasiende kuvuta sigara. Ripoti ikasema hitilafu ya umeme. Kufuli halikutajwa hata mara moja. Leo pale panauzwa vigae, na ukimuuliza muuza vigae atakwambia hajui, alikodi pakiwa hivihivi.

Mwaka jana ilikuwa nusura na hapa pauzwe vigae.

Majiko ya gundi yapo karibu na mlango wa mbele. Siku hiyo, adhuhuri, sufuria moja iliungua, gundi ikafoka, moto ukadaka mabaki ya karatasi. Moshi mweusi ukasimama kati ya wanawake na mlango wa mbele kama ukuta. Wakakimbilia wa nyuma. Wa nyuma una mnyororo. Ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi, na msimamizi yuko hotelini anakula.

"Tulipiga kelele, kisha tukaacha, kwa sababu kelele inakula pumzi," anakumbuka Mama Sindano. "Nikawaambia laleni. Tukalala chini kama samaki sokoni, midomo kwenye ufa wa chini ya mlango. Ufa ule unatosha watu wawili. Tulikuwa kumi na wawili. Basi tukapokezana hewa, wewe vuta, mpishe mwenzako. Wifi alikuwa wa mwisho kufika, maana alibaki kupigana na ile sufuria."

"Nilidhani naokoa kazi," anasema Wifi.

"Uliokoa kikohozi."

Fundi mitambo ndiye aliyeuzima moto kwa magunia mabichi. Msimamizi alirudi na kijiti cha meno mdomoni. Kwa kuwa hakufa mtu, halikutokea jambo. Ndivyo ilivyoandikwa, au tuseme ndivyo isivyoandikwa. Wifi alipelekwa hospitali, akaambiwa asikae karibu na moshi, akarudi kazini na kuwekwa palepale karibu na moshi, kwa sababu mwingine anayejua kuchemsha gundi bila kuivunja nguvu hayupo.

Walikwenda ofisini wote, wakiwa bado na masizi puani. Waliomba jambo moja. Meneja akasema vitabu vitaibiwa.

"Nikamwambia, bwana, fungia vitabu, sisi utuache," anasema Mama Sindano. "Akacheka. Akasema, 'Mama, una maneno wewe.' Nikajua tumeshindwa. Mkubwa akishakusifia maneno, jambo lako ameshalitupa."

Sasa tufike kwenye hiyo riwaya, maana bila kuijua hutaelewa kwa nini watu wazima wanagoma kugusa katoni.

Mandhari yake ni mlima mmoja mkubwa, katikati ya dunia, wenye ngazi moja ya mawe kutoka chini hadi juu. Chini ni Kivulini. Huko wanaishi wabeba jua. Kila alfajiri wanalitia jua kwenye wavu wa shaba, wanajifunika ngozi mbichi mabegani, wanalipandisha ngazi mpaka kileleni, ambako Mfalme analitundika juu ya bustani yake. Jioni jua linabingirika upande wa pili na kuangukia baharini. Wabebaji wanarudi chini gizani, wanafungiwa nyuma ya Lango. Langoni amelala joka, na ufunguo umefungwa shingoni mwake.

Mgogoro unaanzia kwa msichana mmoja mbeba jua, aliyefiwa na mama ngazini. Anauliza swali ambalo watoto wa vizazi vyote wamelikariri: kwa nini jua letu tunalijua kwa mgongo tu?

Jibu lilikuwa katika mkunjo wa saba. Nusu ya mlima, msichana anasema neno moja: tueni. Wabebaji wanalitua jua kwenye ngazi. Wanakaa. Hakuna anayechomoa upanga, hakuna anayerusha jiwe. Kileleni kunaingia giza na baridi, maua ya Mfalme yananyauka. Langoni kunakuwa mchana usiokwisha, na joka, ambalo maisha yake yote limelala kivulini, linaanza kuungua magamba. Mwishowe linajivuta kwenda kutafuta maji, ufunguo unakwaruza mawe shingoni mwake, na kwa kujipitisha kwake lenyewe linalisukuma Lango na kuliacha wazi.

Ndicho kisa ambacho Mama Sindano amekishona tangu akiwa msichana. Toleo baada ya toleo, mkunjo wa saba ulikuwa uleule, na mezani kuna desturi ya zamani: wakati wa chakula mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanakula. Riwaya hii ikija, wanafanya haraka kufika wa saba.

Toleo jipya lilipoingia mwaka huu, msomaji alikuwa Wifi. Walioshuhudia wanayakumbuka mazungumzo hivi.

"'Msichana akaingia bustanini,'" Wifi akasoma, "'akamkuta Mfalme analia.'"

"Ngoja," akasema Mama Sindano. "Analilia nini?"

"Haijasemwa. 'Mfalme akamkabidhi ufunguo wa dhahabu, akamfanya Mlinzi wa Ufunguo.'"

"Wifi, umeruka."

"Sijaruka, macho ninayo. 'Wabebaji wakapiga vigelegele, wakajitwika jua, wakapanda ngazi wakiimba.'"

"Hawajakaa?"

"Wanaimba."

"Wanaimba! Na jua mgongoni?"

"Kwa furaha, imeandikwa."

Mama Sindano aliacha chakula. Akaufuta mkono, akapanda ofisini na mkunjo mkononi, akauliza nani amefanya hivi. Meneja, ambaye ndiye pia mwenye kampuni ya kuchapisha, alimweleza kwa upole. Kitabu kimesafishwa. Watoto wa leo hawahitaji fujo. Mwandishi amekwishafariki, haki ni za kampuni.

"Fujo?" akauliza. "Watu wamekaa chini, fujo iko wapi?"

Hapo upole ukaisha. "Wewe kazi yako ni kushona," akaambiwa. "Hadithi si kazi yako."

Yashike maneno hayo, msomaji. Yatarudi.

Tuseme wazi walichokifanya wasafishaji hawa. Mlima wameuacha, ngazi wameiacha, joka na magamba yake wameliacha, tena wamelichora upya kwa rangi. Mandhari yote ipo. Kilichong'olewa ni mgogoro, kama mtu anavyong'oa injini ya gari na kukuuzia bodi. Mtoto atajifunza kwamba kuna watu wa chini na watu wa juu, na kwamba mlango hufunguka pale mwenye ufunguo anapojisikia vibaya. Huo si usafi. Ni wizi, na mwizi huyu hakuhitaji hata gari la ofisi.

Nyuma ya rafu za chumba cha kukusanyia kulikuwa na mabando ya mabaki ya toleo la zamani, yakisubiri muuza karatasi chakavu. Mabaki ya mkunjo wa saba yalikuwa mengi kuliko mengine, kwa sababu mwaka ule ulichapwa mara mbili kwa makosa.

Hapa lazima ueleweke ufundi mmoja mdogo. Kila mkunjo una alama nyeusi mgongoni, na alama ya kila mmoja iko chini kidogo kuliko ya mwenzake aliyetangulia. Kitabu kikikusanywa sawasawa, ukikitazama kwa mgongo alama zinashuka kama ngazi. Mkunjo ukikosekana, ngazi inavunjika na msimamizi anaiona kutoka mlangoni. Lakini mkunjo wa saba wa zamani na wa saba wa sasa ina alama mahali palepale.

Wiki ile toleo jipya lilikusanywa, likashonwa, likapigwa gundi, likavikwa jalada. Msimamizi akaikagua migongo. Ngazi zote nzima. Vitabu vikaenda shuleni.

Darasani kwa mjukuu wa Mama Sindano, mwalimu aliandika ubaoni: Eleza mandhari na mgogoro wa riwaya hii. Watoto wakasoma kwa zamu. Katika mkunjo wa saba wabebaji wakakaa, joka likaondoka, Lango likabaki wazi, darasa likashangilia. Wakaingia wa nane, na humo msichana anashuka ngazi na ufunguo wa dhahabu kwenda kulifungua Lango.

Mjukuu akanyoosha mkono. "Mwalimu, Lango limeshafunguliwa. Ufunguo wa nini?"

Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka. Akalipeleka swali kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaipigia simu kampuni. Kumbe shule nyingine watoto walikuwa wameuliza vilevile. Watoto hawakukubaliana mahali popote. Ni kwamba swali lenyewe lilikuwa limesimama wazi, kila mwenye akili alilipitia.

Kesho yake meneja, msimamizi na bando tupu la mkunjo wa zamani walikuwa mbele ya meza.

"Nani aliliweka bando hili mezani?"

"Nilikuta lipo," akasema wa kwanza.

"Na wewe?"

"Nilikuta lipo."

"Wewe je, Wifi?"

"Mimi, bwana, nilikuwa kwenye gundi. Nilipogeuka, lipo."

Wakaenda hivyo meza nzima, mpaka binti mgeni kabisa, asiye na hata mwezi kazini, ambaye sauti yake hakuna aliyekuwa ameisikia. Akainamisha kichwa, akasema kwa kunong'ona, "Nilikuta lipo." Mfagiaji naye akapita na ufagio wake. "Hata mimi nilikuta lipo." Hakuwa ameulizwa.

Akabaki kiongozi wa meza.

"Mama Sindano, kupanga mikunjo ni kazi yako. Utasemaje?"

"Nitasema nilikosea."

"Ulikosea vitabu vyote hivi?"

"Bwana, mimi natazama alama. Alama zilikuwa sawa, ngazi haikuvunjika. Ndani kumeandikwa nini, mimi sijui." Akachomoa sindano kilembani, akaichomeka tena. "Hadithi si kazi yangu."

Ukimuuliza leo kama kweli alikosea, anakukaribisha kiti. Ukimuuliza tena, anamtuma mjukuu akuletee maji ya kunywa.

Alisimamishwa kazi siku tatu bila malipo, akarudishwa siku ya nne, kwa sababu siku ya nne katoni zilirudi kutoka shuleni na ikaonekana wazi kwamba kitabu kilichoshonwa hakifumuliwi kwa mashine. Unatakiwa ukate uzi ndani ya kila mkunjo bila kuuchana mgongo, uuvute, uutoe wa saba, uuweke mwingine, ushone upya. Kuvitupa vyote na kuchapa upya ni gharama ambayo kampuni haitaki kuisikia. Na shule zinataka vitabu vyao.

Katoni zikarundikwa mahali pekee palipokuwa na nafasi: mbele ya mlango wa nyuma. Sasa hata ule ufa wa hewa umezibwa.

"Pale ndipo walipokosea wao," anasema Wifi. "Wangeziweka kwingine labda tungefumua. Lakini mtu anakuletea mzigo, anauweka juu ya pua yako, anakwambia ubebe haraka!"

Wanawake walikaa wakati wa chakula, hawakusoma chochote siku hiyo. Waliafikiana: kitabu cha hesabu watakusanya, cha jiografia watakusanya, daftari watabana. Riwaya watafumua mlango ukiwa wazi, katoni zikiwa zimeondolewa, mnyororo ukiwa haupo.

"Mimi moyoni sikutaka kabisa kuitoa ile sehemu," Mama Sindano anakiri, akiwa nyumbani, mjukuu akimchua miguu kwa maji ya chumvi. "Lakini hadithi watoto wameshaisoma, haitoki vichwani kwa kufumua uzi. Pumzi ya Wifi ikitoka haishonwi. Nikachagua."

"Bibi, wakiwafukuza?"

"Tutakula ugomvi wako na mama yako wa kwenye simu, hauishi."

Mtoto anacheka. Bibi hacheki sana. Akifukuzwa, vyumba viwili vinakuwa kimoja, na shule ya mjukuu inakuwa hesabu nyingine. Anayajua hayo. Wanaodhani wanyonge hukaa chini kwa sababu hawajapiga hesabu hawajawahi kuwa wanyonge.

Gazeti hili lilimuuliza meneja kuhusu mlango. Alisema, "Ule ni usalama wa mali." Alipoulizwa kuhusu usalama wa watu, alikuwa na kikao.

Kikao kiliisha, maana leo, kabla ya saa sita, anashuka mwenyewe. Anaingia kwa mlango wa mbele, anapita kwenye majiko ya gundi akiwa na leso puani. Hajaonekana humu tangu siku ya bando. Wanawake wanaendelea kuzunguka meza.

"Habari za kazi, akina mama."

"Nzuri, bwana. Pole na harufu," anasema Wifi.

Meneja anasema amefikiri. Anasema yeye pia ni mzazi, ana moyo. Kutoa mnyororo haiwezekani, bima haitakubali, lakini amekuja na suluhisho. Anatoa mfukoni ufunguo ulioning'inizwa kwenye utepe mwekundu.

"Mama Sindano, wewe ni mkongwe hapa. Kuanzia leo ufunguo utakaa na wewe. Utauvaa. Nimekufanya mlinzi wa ufunguo, na kwenye mshahara kuna kitu kidogo kitaongezeka."

Meza inasimama. Mtu mmoja anaguna. Halafu Wifi anaanza, anacheka mpaka kikohozi kinamkamata katikati ya kicheko, na wenzake wanamshika huku nao wanacheka, mpaka binti mgeni anajifunika uso kwa mkunjo wa hesabu. Meneja anatazama huku na huku akitabasamu, kama mtu aliyeingia kwenye utani katikati.

"Nimesema nini?"

"Hujasema kitu, bwana," anajibu Mama Sindano akijifuta machozi. "Umesoma. Mkunjo wa saba, ule wa kwenu. Hata hadithi ya kutudanganyia hamna mpya?"

Kisha anaacha kucheka, na sauti anayoitumia sasa wenzake wanasema hawajawahi kuisikia.

"Tuseme nimeuvaa. Kesho nimefiwa, niko msibani. Gundi inawaka. Hawa wanakimbilia mlangoni, wanalala chini. Watalitaja jina la nani? Lako? La msimamizi? Langu. Watakufa wakiniita mimi. Na nyinyi mtaandika, ufunguo alikuwa nao Mama Sindano." Anausukuma utepe kwa ncha ya kidole. "Kwenye kile kitabu, bwana, anayevaa ufunguo shingoni ni joka. Hilo hamkulisafisha."

"Mama, usikuze mambo. Utavaa au huvai?"

Mama Sindano anawageukia wenzake, ambao bado wameshika mikunjo mikononi, wengine mitatu, wengine mitano, kila mmoja alipokuwa amefikia.

"Wanangu, tueni."

Karatasi zinatuliwa mezani. Viti humu hamna, viliondolewa zamani ili watu watembee haraka; basi wanakaa chini, mmoja baada ya mwingine, migongo kwenye miguu ya meza. Wifi anazima jiko la kwanza, kisha la pili, anaifunika sufuria ya gundi kama anayefunika chungu cha nyumbani, anakuja kukaa karibu na wifi yake. Chumba kinakuwa kimya kiasi cha kusikia mashine ya ukumbi wa pili. Muda si muda na yenyewe inanyamaza. Fundi mitambo amechungulia mlangoni, ameona, amerudi kuizima.

Meneja amesimama peke yake na utepe mwekundu mkononi. Anasema atawafukuza wote. Anasema atahesabu mpaka tano. Hakuna anayemsaidia kuhesabu.

Mpaka gazeti linakwenda mitamboni, katoni hazijaguswa, mnyororo haujatolewa, na hakuna aliyefukuzwa. Shule zinapiga simu. Wanawake wamesema kesho watakuja saa moja na nusu kama kawaida, na mnyororo ukilia utawakuta wamekaa.

Mama Sindano hajui kama ajira yake itafika mwisho wa mwezi. Lakini mpango anao, na anaueleza kana kwamba ni wa wiki ijayo. Mlango ukifunguliwa ataisogeza meza ya kushonea pale, kichwa chake kizingitini. Jiko la gundi litahamia upande wa pili, na Wifi atapewa kiti, tena cha mgongo, kwenye upande wa hewa.

"Atashona, hatachemsha tena. Nitamfundisha mwenyewe, ingawa ana mikono ya mbao."

"Mikono ya mbao ni ya kaka yangu aliyekuoa," anajibu Wifi.

Na kama pale mlangoni, baada ya miaka yote hii ya kufungwa, hakuna upepo tena? Nje wamejenga, ukuta wa jirani umesogea.

Mama Sindano anatikisa kichwa.

"Upo," anasema. "Mimi nimeulalia ule ufa. Nimeuonja."